Fomu yangu ya kituo haikubaliani na matokeo yaliyotangazwa: niende wapi?

Swali. Wakili, shikamoo. Nilikuwa wakala wa mgombea ubunge katika kituo kimoja hapa mkoani Tanga. Waliopiga kura kituoni kwetu walikuwa 301: mgombea wetu alipata 171, mpinzani wake 118, na kura 12 ziliharibika. Nilitia saini fomu nikapewa nakala yangu. Kwenye majumuisho, yaani pale kura za vituo vyote vya jimbo zinapojumlishwa, wakala mwenzangu anasema kituo hicho kilisomwa kuwa mpinzani amepata 418. Mpinzani huyo ametangazwa mshindi kwa tofauti ya kura 1,906, na leo ni siku ya kumi na moja tangu atangazwe. Mtaani wanasema pia kuna kura zilizotiwa alama usiku wa kuamkia uchaguzi. Mgombea wetu amekata tamaa, hataki kesi. Je, mimi kama mpiga kura naweza kufungua shauri mwenyewe? Niende polisi, kwenye Tume au mahakamani? Na je, jaji anaweza kuamuru mitambo ya kujumlisha kura ifunguliwe kama tulivyosikia Kenya?

Jibu. Marahaba, ndugu yangu. Katika barua yako kuna jambo umelipita upesi ili ufike kwenye habari ya kura za usiku, nami naona ndilo lenye uzito kuliko yote: kituo walichopiga kura watu 301 hakiwezi kumpa mgombea mmoja kura 418. Hapo huhitaji shahidi aliyemwona mtu gizani, kwa sababu karatasi mbili zikiwekwa mezani pamoja zinapingana zenyewe. Nitajibu maswali yako yote nikianzia kwenye karatasi hiyo.

Kwanza tutenganishe njia tatu ambazo watu wetu huzichanganya. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi na wasimamizi wake hushughulikia malalamiko wakati mchakato bado unaendelea. Polisi na TAKUKURU, yaani taasisi ya kupambana na rushwa, huchunguza makosa ya jinai, na mwisho wa kazi yao ni mtu kushtakiwa au kutoshtakiwa. Kutamka kwamba mbunge hakuchaguliwa kihalali ni kazi ya Mahakama Kuu, kwa mujibu wa ibara ya 83 ya Katiba, na asiyeridhika na uamuzi wake hukata rufaa Mahakama ya Rufani. Angekuwa diwani, ungeanzia mahakama ya chini, kwa Hakimu Mkazi. Mtu anaweza kuhukumiwa kwa rushwa ya uchaguzi na kiti kikabaki palepale, na kiti kinaweza kubatilishwa pasipo mtu yeyote kwenda jela, kwa kuwa ni mashauri tofauti yenye maswali tofauti.

Njia ya kwanza, kwa upande wako, imekwisha kufungwa. Ilikuwa wazi usiku ule kituoni, kabla ya fomu kutiwa saini, pale wakala anapoweza kuomba kura zihesabiwe upya na kuandika malalamiko yake kwenye fomu maalumu mbele ya msimamizi wa kituo. Ilikuwa wazi tena kwenye majumuisho, pale ambapo wakala mwenzako alipaswa kunyanyua nakala ya fomu yenu mara tu aliposikia 418, na kutaka tofauti hiyo iangaliwe na iandikwe. Nikwambie ukweli, hili ndilo litakalokuwa swali la kwanza la mawakili wa upande wa pili: alikuwapo, alisikia, kwa nini alinyamaza? Msimamizi wa uchaguzi akishamtangaza mshindi, hawezi kuyarudia matokeo yake kwa sababu wewe umemletea karatasi siku ya kumi na moja. Unaweza kuiandikia Tume barua, na ni vyema uiandike ili uwe na kumbukumbu yenye mhuri wa kupokelewa, lakini barua hiyo haisimamishi siku za mahakama.

Saini yako haikudhuru hata kidogo. Watu wengi hudhani wakala anayelalamika hapaswi kusaini, lakini wewe hulalamikii kilichotokea kituoni. Unasema kituoni mambo yalikwenda sawa, hesabu ilikuwa 171 kwa 118, na kasoro ilizaliwa njiani kati ya kituo na majumuisho. Saini yako na ya wakala wa mpinzani wako, zikiwa chini ya tarakimu zilezile, ndizo nguzo ya hoja yako. Fomu hiyo, ambayo waliosimamia chaguzi zilizopita wanaijua kwa jina la 21B, hutolewa nakala kwa mawakala, na matokeo hubandikwa nje ya kituo. Ikiwa kuna mtu aliyepiga picha karatasi iliyobandikwa ukutani asubuhi ile, mtafute leo.

Sasa swali la nani afungue shauri. Ukiisoma sheria kwa haraka utaona kwamba mpiga kura ametajwa miongoni mwa wanaoweza kupinga matokeo, pamoja na mgombea na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na utafurahi. Usifurahi mapema. Mwaka 2012 Mahakama Kuu Arusha ilitengua ubunge wa Godbless Lema kwa maombi ya wapiga kura watatu waliolalamikia maneno aliyoyatoa kwenye kampeni dhidi ya mpinzani wake. Mwezi Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ilimrudishia kiti, si kwa sababu maneno yale yalikuwa mazuri, bali kwa sababu wapiga kura wale hawakuonyesha kwamba haki yao wenyewe iliguswa. Aliyetukanwa alikuwa mgombea, naye hakwenda mahakamani. Suala hilo limerudi mahakamani zaidi ya mara moja baadaye, na mawakili hawajaacha kulibishania. Kwa maoni yangu wewe una nafasi nzuri kidogo kuliko wale wa Arusha, maana unaweza kusema kura yako halali imefunikwa na kura 300 zisizokuwapo. Lakini ningekuwa mimi, ningetumia siku mbili za kwanza kumshawishi mgombea wako abadili mawazo. Yeye akiingia, pingamizi la awali kuhusu haki ya kushtaki linakufa kabla halijazaliwa, na mnaanza na hesabu badala ya kuanza na mabishano kuhusu wewe ni nani.

Kuhusu muda, shauri linafunguliwa ndani ya siku 30 tangu msimamizi wa uchaguzi alipotangaza matokeo, kwa hiyo umebakiwa na siku 19, zikiwemo Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Usitegemee kuongezewa. Niliwahi kufikiwa na mtu aliyekuwa na fomu za vituo vyote vya kata yake, zimepangwa vizuri kuliko faili la ofisi yangu, lakini alikuwa amezunguka kwa viongozi wa chama chake wiki kadhaa akiambiwa «tunalishughulikia», akanijia siku ya thelathini na tatu. Nilimpa chai. Sikuwa na kingine cha kumpa. Huku Tanga bahati yetu ni kwamba Mahakama Kuu ina masjala yake mjini, kwa hiyo hata anayetoka Kilindi au Lushoto hana haja ya kwenda Dar es Salaam kufungua shauri.

Kuna na fedha. Mlalamikaji hutakiwa kuweka dhamana ya gharama, na kwa muda mrefu kiwango cha juu kimekuwa shilingi milioni 5 kwa kila mlalamikiwa. Kwa kawaida mnawashtaki watu watatu, yaani mbunge aliyetangazwa, msimamizi wa uchaguzi na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, hivyo hesabu inaweza kufika milioni 15. Usikate tamaa kwa kuisikia tarakimu hiyo. Zamani sheria ilidai milioni 5 taslimu kabla shauri halijapangiwa siku ya kusikilizwa, ukishindwa basi, mpaka mgombea mmoja wa uchaguzi wa mwaka 2000, Julius Ndyanabo, alipoipinga. Mahakama ya Rufani, mwaka 2002, ilikubali kwamba sharti hilo lilikuwa likiwafungia mlango wasio na fedha, ikalitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Tangu sheria iliporekebishwa, mlalamikaji huiomba mahakama ipange kiasi, na asiye na uwezo anaweza kueleza hali yake ili apunguziwe au asamehewe. Ombi hilo lina siku zake chache baada ya kufungua shauri, na mashauri kadhaa yamekufa hapo bila mtu kugusa hoja ya kura hata moja.

Sasa tufike mahali penyewe. Jaji hataulizwa kama uchaguzi uliibwa. Neno wizi halimsaidii. Ataulizwa mambo kama haya: je, sheria au kanuni ya uchaguzi ilikiukwa? Je, ukiukaji huo uliathiri matokeo? Sababu nyingine za kubatilisha zipo, kama mgombea kutokuwa na sifa, au kampeni za kuchochea tofauti za kabila, rangi au dini, lakini zako si hizo. Na kiwango cha ushahidi ambacho mahakama zetu zimekishikilia ni kile cha kesi za jinai, yaani kuthibitisha pasipo kuacha mashaka ya msingi, si kile cha madai ya kawaida ambapo mizani ikielemea upande mmoja inatosha. Wako wanaosema kiwango hiki ni kizito mno kwa shauri lenye siku 30 za maandalizi huku nyaraka karibu zote zikiwa mikononi mwa anayeshtakiwa. Mimi ni mmoja wao. Lakini wewe unakwenda mahakamani chini ya sheria iliyopo.

Maneno «kuathiri matokeo» yana historia ndefu. Mwaka 1967 Jaji Mkuu Telford Georges, katika shauri la Mbowe dhidi ya Eliufoo, alieleza kwamba matokeo hayamaanishi tu nani kashinda na nani kashindwa. Ukiondoa kura zilizotokana na kasoro zilizothibitishwa, na ushindani ukaonekana kuwa wa karibu sana kuliko ulivyotangazwa, matokeo yanaweza kuhesabiwa kuwa yameathirika. Lakini ikiwa pengo ni kubwa kiasi kwamba hata baada ya kupunguza sana mshindi bado yuko mbali, basi hayakuathirika. Tujaribu kwa tarakimu zako. Ukiondoa kura 300 za kituo chako, pengo linashuka kutoka 1,906 hadi 1,606. Hapo shauri lako, likisimama peke yake, litaanguka hata ukiaminiwa kila neno. Ili pengo lizibwe lote kwa kasoro za namna hiyohiyo unahitaji vituo saba, kikiwemo chako. Hata vitano vingemfanya jaji akae sawa kwenye kiti, kwa kuwa pengo lingebaki 406, na tena angejiuliza kosa moja lilirudiaje mara tano, kila mara kwa faida ya mtu yuleyule. Kwa hiyo kazi yako ya wiki hii ni kuwatafuta mawakala wa vituo vingine na kulinganisha fomu zao na matokeo ya majumuisho, kituo kwa kituo. Wahenga wa pwani walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kura nazo ni mali.

Kasoro si lazima iwe ya hesabu. Uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa mwaka 1994 ulibatilishwa, na Mahakama ya Rufani ikakubali, katika shauri la Dakta Walid Kabourou, na miongoni mwa mambo yaliyopimwa ni namna Radio Tanzania ilivyotangaza habari za kampeni ile kwa upendeleo. Nakutajia hili ili usije ukadhani mahakama huangalia masanduku tu. Hata hivyo hoja za aina hiyo hudai mashahidi wengi na mawakili wenye muda, nawe umejaliwa hoja ya hesabu, ambayo ni nyepesi kubeba.

Habari ya kura zilizotiwa alama usiku iache pembeni mpaka utakapompata mtu aliyeona kwa macho yake, mahali alipokuwa, saa, na alichokiona hasa. Ushahidi wa «watu wanasema» hauingii mahakamani, na ukiuchanganya na fomu yako unaipa upande wa pili nafasi ya kutumia siku nzima kuuvunja uvumi ili jaji aondoke akiwa amechoka na hoja zako zote kwa pamoja. Kama kuna karatasi za namna hiyo kweli, kuna pa kuzipimia: karatasi za kura zilizopokelewa kituoni lazima zilingane na zilizotumika, zilizoharibika na zilizobaki, na namba za lakiri za masanduku huandikwa. Muulize msimamizi wa kituo na mawakala wengine kama hesabu hiyo ililingana. Ikiwa ililingana, basi uvumi huo kituoni kwenu hauna miguu.

Picha na video za simu zinapokelewa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo, ila inamtaka jaji apime uaminifu wa namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyosafirishwa, na aliyeutengeneza atambulike. Maana yake ni kwamba aliyepiga picha ndiye aje, na simu yake ije. Picha iliyopita kwenye makundi kumi ya WhatsApp hadi ikakufikia wewe haina mwenyewe, na jaji atauliza mwenyewe ni nani. Mwambie mwenye simu asiifute, asiiuze, na asiitume tena popote.

Kuhusu mitambo, naelewa kwa nini umeuliza. Wengi wetu tuna jamaa Mombasa na Lungalunga, na uchaguzi wao tunaufuata kama wetu. Ni kweli kwamba tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa urais, majaji wanne kwa wawili, na kwamba iliamuru pande zinazoshtaki zipewe nafasi ya kuangalia seva za tume yao, amri ambayo haikutekelezwa kikamilifu, nayo mahakama ikalihesabu hilo dhidi ya tume. Lakini hata kule fomu za karatasi zilichukua nafasi kubwa, kwa kuwa kilichosafirishwa kwa mitambo lazima kilingane na kilichoandikwa kituoni. Pili, lile lilikuwa shauri la urais. Kwetu ibara ya 41(7) ya Katiba inasema mgombea urais akishatangazwa na Tume, hakuna mahakama itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika, lakini maneno hayo bado yamo katika Katiba. Shauri la ubunge halizuiwi na ibara hiyo, na mawakili wako wanaweza kuiomba mahakama iamuru nyaraka za majumuisho ziletwe. Ombeni kwa kutaja kituo na waraka. Ombi la «mitambo yote» jaji hulitazama kama safari ya kutafuta kesi.

Mahakama ikiridhika, inaweza kutamka kwamba uchaguzi ni batili, na hapo kiti hubaki wazi mpaka uchaguzi mdogo. Ikiwa mgombea wenu anadai kwamba yeye ndiye aliyepata kura halali nyingi zaidi, anaweza kuomba kura zikaguliwe na atangazwe yeye kuwa mshindi. Ombi hili la pili liombwe tu mkiwa na fomu za kutosha kulifikia. Tofauti na hapo mnajiongezea mzigo ambao hamtaubeba.

Upande wa jinai nitaupita upesi. Kubadili tarakimu kwa makusudi ni kosa, na unaweza kutoa taarifa polisi. Ikiwa mtu alipewa fedha, nenda TAKUKURU. Zamani kulikuwa na kisingizio cha takrima, yaani kuwakirimu wapiga kura, kilichoingizwa katika sheria mwaka 2000, lakini Mahakama Kuu ilikitangaza mwaka 2006 kuwa kinyume cha Katiba, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba pilau na khanga za kampeni ni ukarimu wa pwani. Ila usisubiri upelelezi wao umalizike ndipo ufungue shauri, kwa kuwa upelelezi hauhesabu siku 30 zako.

Kesho asubuhi, basi, mpeleke mgombea wako kwa wakili, mkiwa na fomu halisi na si kivuli chake, majina ya mawakala wote waliosaini, na jina la wakala aliyekuwa kwenye majumuisho pamoja na maelezo yake yaliyoandikwa akiwa bado anakumbuka. Fomu hiyo usiiandike kitu, usiibane pini, na tafadhali usiipeleke steshenari kutiwa lamineti. Itie kwenye bahasha kavu, mbali na jasho na mvua ya vuli, na asiishike mtu mwingine mpaka siku utakapoitoa mbele ya jaji na kuulizwa kama saini iliyoko chini ni yako.